Utepe Mwekundu na Mahali pa Kamera

KAMATI YA CHUMBA CHA UPASUAJI
KUMBUKUMBU ZA KIKAO CHA NNE, KILICHOFANYIKA JUMANNE, TAREHE 14, SAA NANE NA ROBO MCHANA, KATIKA CHUMBA CHA KUPUMZIKIA CHA WAPASUAJI

WALIOHUDHURIA
1. Daktari bingwa wa upasuaji, mkuu wa idara – Mwenyekiti
2. Muuguzi mkuu wa chumba cha upasuaji – Katibu
3. Daktari wa usingizi – Mjumbe
4. Mshika kamera, maarufu kwa jina la Jicho – Mjumbe
5. Fundi wa vifaa – Mjumbe (alichelewa dakika ishirini)

MWALIKWA
Daktari wa mafunzo, mwaka wa tatu

HAKUHUDHURIA
Afisa ugavi. Alitoa udhuru kwamba ana kikao kingine. Katibu alimwona kantini.

Izingatiwe kwamba mwenyekiti amemuoa mdogo wake katibu. Imeandikwa hapa ili atakayesoma asishangae baadhi ya maneno.

KUMB. NA. 4/1: KUFUNGUA KIKAO
Mwenyekiti alifungua kikao saa nane na dakika kumi na saba. Dakika mbili za mwanzo zilitumika kutafuta kiti cha tano, ambacho fundi alikichukua kwenda kukitengeneza tangu mwezi wa pili. Mwenyekiti aliwaomba wajumbe wawe wafupi wa maneno, kisha akazungumza kwa dakika tisa.

KUMB. NA. 4/2: KUTHIBITISHA KUMBUKUMBU ZA KIKAO KILICHOPITA
Mwenyekiti aliomba neno "alifoka" katika ukurasa wa pili libadilishwe liwe "alishauri". Katibu aliuliza wajumbe kama kuna aliyesikia ushauri siku ile. Daktari wa usingizi alipendekeza "alisema kwa sauti ya juu", na kumbukumbu zikathibitishwa kwa marekebisho hayo.

KUMB. NA. 4/3: YATOKANAYO
Katibu alitoa taarifa kwamba mashine ya kufyonza damu imetengenezwa na imerudi mahali pake. Kwa wiki mbili ilipokuwa mbovu, ilitumika mashine ya kuazima kutoka wodi ya wazazi. Bomba la mashine hiyo ni fupi, hivyo ilibidi isimame juu ya utepe mwekundu, yaani alama iliyobandikwa sakafuni upande wa kulia wa daktari, ambapo mshika kamera husimama siku zote. Jicho alisema suala hili lisifungwe, kwa sababu ana la kusema juu yake. Mwenyekiti, ambaye wiki hizo mbili alikuwa likizo, alisema hakuna cha kusema juu ya bomba. Suala liliachwa wazi.

KUMB. NA. 4/4: BARUA YA MWENYEKITI KUHUSU DAKTARI WA MAFUNZO
4/4.1 Mwenyekiti alisoma barua aliyomwandikia mkurugenzi, akipendekeza daktari wa mafunzo aondolewe katika idara ya upasuaji na kupangiwa idara nyingine. Barua ilieleza kwamba daktari huyo ana bidii, ni msikivu na anafika kazini mapema, lakini katika upasuaji wa matundu, yaani wa kupitisha kamera na koleo kwenye matundu madogo ya tumbo, "mkono wake ni mzito na haufundishiki". Alieleza kwamba amemsimamia katika operesheni kumi na tisa na zote zimepita muda. Alikumbusha kwamba miaka minne iliyopita hatua kama hiyo ilichukuliwa kwa daktari mwingine, ambaye sasa yuko kliniki ya ngozi na anaendelea vizuri.

4/4.2 Daktari wa usingizi aliuliza nani amesema anaendelea vizuri. Mwenyekiti alijibu kwamba hajasikia malalamiko.

4/4.3 Mwenyekiti alieleza kwamba tarishi atapita saa kumi kuchukua barua, na kwamba ameileta kikaoni kwa taarifa tu, si kwa mjadala. Bahasha iliwekwa mezani karibu na birika la chai. Ilikuwa haijafungwa.

4/4.4 Daktari wa mafunzo alipewa nafasi ya kusema. Alisema hana ugomvi na mtu. Alisema, "Nimemwacha mwanangu kwa mama yangu mwaka wa tatu huu kwa ajili ya kazi hii. Kama siiwezi, niambiwe nirudi nikalee. Lakini mimi mwenyewe sielewi. Najua kabisa ninachotaka kufanya. Mkono ndio unaenda kwingine." Mwenyekiti alisema hicho ndicho alichoandika. Daktari wa mafunzo aliinamisha kichwa, na daktari wa usingizi akamsogezea kikombe cha chai bila kuulizwa.

KUMB. NA. 4/5: HOJA YA JICHO
4/5.1 Jicho aliomba kurudi kwenye bomba. Mwenyekiti alikunja uso lakini hakukataa.

4/5.2 Jicho alieleza hivi, na katibu amejitahidi kutopunguza neno: "Mimi nimeshika kamera miaka kumi na minne. Katika operesheni za matundu daktari haangalii mikono yake wala tumbo la mgonjwa, anaangalia skrini iliyo mbele yake, na skrini inaonyesha ninachokiona mimi. Nikisimama kwenye utepe, kamera inaingia kwenye tundu la pembeni, inatazama kutoka kulia kwake. Akisukuma koleo mbele, kwenye skrini linakwenda kulia. Akilipeleka kushoto, linakwenda mbali. Zile wiki mbili za mashine ya kuazima sikuwa na pa kusimama. Nikaenda kujibana nyuma ya bega lake, kamera tukaipitisha kitovuni, katikati ya mikono yake miwili. Na huyu dada akafanya kazi kama mtu mwingine."

4/5.3 Mwenyekiti aliuliza nani alithibitisha. Daktari wa usingizi alitoa daftari lake. Alisema yeye kazi yake ni kumlaza mgonjwa na kumwamsha, na katikati hapo anaandika muda kwa sababu hana pa kwenda. Alisoma kwamba kutoa kifuko cha nyongo huchukua kama saa moja hapa hospitalini. Daktari wa mafunzo huchukua saa moja na nusu, na mara moja alifikisha saa mbili kasoro kumi. Katika wiki zile mbili alifanya operesheni mbili, akisimamiwa na bingwa wa zamu aliyeazimwa kama ile mashine. Ya kwanza ilichukua saa moja na dakika nne. Ya pili, dakika hamsini na nane. Aliongeza kwamba hizo dakika zinazookolewa si za daktari wala za kamati, ni za mtu aliyelala mezani.

4/5.4 Mwenyekiti alisema operesheni mbili si ushahidi, huenda wagonjwa walikuwa wembamba. Daktari wa usingizi alisoma uzito wa wagonjwa. Mwenyekiti aliomba uzito usiandikwe, na haukuandikwa.

4/5.5 Mwenyekiti alisisitiza kwamba utepe uliwekwa na Mwalimu, yaani bingwa aliyemtangulia na aliyemfundisha, kwa ajili ya usalama wa mgonjwa. Alisema Mwalimu alionya kwamba atakayeugusa atakiona cha mtema kuni. Katibu aliuliza usalama wenyewe ni upi. Mwenyekiti alisema, "Shemeji, mambo mengine ni ya kitaalamu." Alikumbushwa kwamba kikaoni hakuna shemeji. Alisema, "Katibu, mambo mengine ni ya kitaalamu."

4/5.6 Wakati huo fundi wa vifaa aliingia akiwa na boksi, bila kiti.

KUMB. NA. 4/6: JARIBIO LA BOKSI
4/6.1 Fundi aliomba radhi kwa kuchelewa. Alieleza kwamba wiki iliyopita Jicho alimsimulia jambo hili, likamkosesha raha mpaka akatengeneza kitu. Ni boksi la glavu, limetobolewa matundu matano juu. Matundu mawili ni ya koleo, na matatu ni ya kamera: moja pembeni kulia kama utepe unavyotaka, moja katikati ya koleo, na moja upande wa pili kabisa, likimtazama daktari usoni. Ndani kuna vikombe viwili vya dawa na maharage ishirini. Kazi ni kuhamisha maharage kutoka kikombe kimoja hadi kingine kwa kutazama skrini tu. Kamera, iliyounganishwa na skrini ndogo, ni ile iliyoandikiwa kutupwa mwaka jana. Katibu aliuliza kwa nini haijatupwa. Fundi alisema amejisahau.

4/6.2 Mwenyekiti alisema hiyo ni michezo ya watoto. Daktari wa usingizi alisema basi waanze, watoto hawakai muda mrefu. Alishika saa.

4/6.3 Daktari wa mafunzo alianza na kamera ya pembeni. Alitumia dakika tisa na sekunde arobaini na kuangusha maharage saba. Kamera ilipohamishiwa katikati, alitumia dakika tano na sekunde tano na kuangusha moja. Mwenyekiti alisema mara ya pili lazima mtu awe ameshazoea. Hoja hiyo ilionekana ya haki, hivyo daktari wa mafunzo alirudia na kamera ya pembeni. Alitumia dakika tisa na sekunde kumi, akaangusha sita.

4/6.4 Fundi, ambaye hajawahi kumpasua mtu, alijaribu pia. Pembeni alisalimu amri dakika ya kumi na mbili. Katikati alimaliza kwa dakika saba na nusu. Katibu alitamka kwa sauti kwamba fundi wa vifaa akiwa katikati amemshinda daktari akiwa pembeni. Daktari wa mafunzo alicheka kwa mara ya kwanza tangu kikao kuanza, akaficha mdomo kwa kiganja.

4/6.5 Mwenyekiti alisema, "Kamera ni kamera. Mkono ukiwa mkono, weka kamera popote." Alivua koti. Pembeni alimaliza kwa dakika nne na nusu, akaangusha moja. Wajumbe walikiri kwamba mkono huo ni wa kutazamwa. Alipotaka kukaa, daktari wa usingizi alisema, "Popote, Mwenyekiti," na fundi akahamishia kamera kwenye tundu la upande wa pili.

4/6.6 Kwa kamera hiyo, mwenyekiti akipeleka koleo kulia, kwenye skrini lilikwenda kushoto. Akisukuma, lilikuja. Dakika ya kwanza alisema skrini ina hitilafu. Dakika ya tatu alisema maharage ni madogo kuliko yale ya kwanza. Dakika ya tano aliacha kusema na akaanza kutokwa na jasho. Dakika ya nane alisimamishwa akiwa amehamisha maharage sita na kuangusha kumi na moja. Moja lilipatikana baadaye ndani ya kikombe cha chai cha katibu, na haijulikani lilitokaje kwenye boksi.

4/6.7 Mwenyekiti aliitazama mikono yake, mmoja baada ya mwingine. Alisema, "Najua kabisa ninachotaka kufanya." Hakumalizia. Daktari wa mafunzo, kwa uungwana wake, alitazama dirishani.

4/6.8 Mwenyekiti aliomba kamera ya katikati. Alimaliza kwa dakika nne na sekunde tano bila kuangusha hata moja. Aliuliza, "Kwa nini hata mimi nimepunguza sekunde? Mimi pembeni ndiko nilikokulia." Jicho alisema huenda pembeni hakukumsaidia, ila yeye alikuzoea. Mwenyekiti aliomba arudie. Alirudia. Aliomba arudie akiwa amegeuza kiwiliwili kuelekea kushoto, kamera ikiwa pembeni, na skrini ikasogezwa kushoto vilevile, ili aone kama tatizo ni kamera au ni shingo. Ilionekana afadhali kidogo. Aliuliza ingekuwaje kamera ikiwa nusu ya njia, kati ya katikati na pembeni. Fundi alitoboa tundu la sita kwa kalamu ya katibu, na matokeo yakaangukia katikati ya yale mengine, kama hesabu ya darasani. Mwenyekiti alisema, "Haiwezekani," kwa sauti ya mtu aliyefurahi.

4/6.9 Kwa muda wa dakika ishirini na tano hivi hakukuwa na kikao. Kulikuwa na watu sita waliozunguka boksi la glavu. Katibu anakiri kwamba naye alijaribu na hatataja muda wake.

KUMB. NA. 4/7: SIMU KWA MWALIMU
4/7.1 Mwenyekiti alirudi kwenye kiti chake na kusema bado kuna suala la usalama. Alisema Mwalimu hakuwa mtu wa kubandika utepe ovyo, lazima kuna sababu ambayo boksi haliioni. Jicho alisema naye angependa kuijua, kwa kuwa siku utepe ulipobandikwa yeye ndiye aliyesimamishwa juu yake, na hakuambiwa chochote. Katibu aliuliza kwa nini Mwalimu asiulizwe, maana yu hai na ana simu. Ilibainika kwamba katika miaka kumi na moja tangu astaafu hakuna aliyewahi kufikiria hivyo.

4/7.2 Mwenyekiti alipiga simu na kuiweka mezani kwa sauti ya juu. Mwalimu alikuwa akipaka rangi geti. Baada ya salamu, ambazo zilikuwa ndefu na za heshima, alisema, "Ngoja nihamishie sikio la kulia, mwanangu. Hili la kushoto ni pambo tu tangu ujana."

4/7.3 Katibu aliacha kuandika. Jicho alimtupia jicho daktari wa usingizi.

4/7.4 Mwenyekiti aliuliza kuhusu utepe. Mwalimu alijibu, "Ule wa Jicho? Huyo kijana alikuja na sauti kama ya mtu anayeomba ruhusa. Akisimama kushoto kwangu simsikii kabisa. Akisimama nyuma, ndiyo kwanza haongei. Nikamweka kulia, nikambandikia na alama asihame."

4/7.5 Mwenyekiti aliuliza kama hakukuwa na sababu nyingine, kwa mfano ya usalama. Mwalimu alisema usalama wa mgonjwa ni daktari asikie anachoambiwa. Mwenyekiti alisema, "Lakini Mwalimu, ulituambia atakayegusa utepe ule atakiona." Mwalimu alisema, "Nilikuwa namwambia mfagizi. Kila Ijumaa alikuwa anaubandua." Kisha akauliza, "Kwani bado mnasimama pale?"

4/7.6 Mwalimu aliuliza kama simu imekatika. Mwenyekiti alisema, "Hapana, Mwalimu. Bado tunasimama pale." Mwalimu alicheka sana, na baadaye akaacha kucheka. Alisema, "Mimi kamera ya pembeni ilinitesa mwaka mzima mpaka nikaizoea. Nilidhani nyinyi wenye masikio mazima mtairudisha katikati. Mbona hamkuniuliza?"

4/7.7 Tarishi aligonga mlango, ikiwa ni saa kumi kamili. Aliombwa asubiri nje.

4/7.8 Mwalimu aliagana na kila mjumbe kwa zamu. Alimwambia Jicho aongeze sauti. Jicho alijibu kwa sauti iliyomfanya tarishi afungue mlango kuuliza kama ameitwa.

KUMB. NA. 4/8: MAAZIMIO
4/8.1 Ilikubaliwa kwamba kuanzia kesho kamera ipite katikati ya mikono ya daktari anayepasua, yeyote awaye, na mshika kamera asimame popote panapomwezesha kufanya hivyo. Inapolazimu kamera kukaa pembeni, daktari aambiwe mapema na skrini isogezwe imfuate.

4/8.2 Ilikubaliwa kwamba boksi la fundi libaki chumba cha kupumzikia. Kamera iliyosahaulika kutupwa iendelee kusahaulika.

4/8.3 Ilikubaliwa kwamba daktari wa mafunzo afanye operesheni ya nyongo ya Alhamisi, kamera ikiwa katikati.

4/8.4 Kuhusu barua, mwenyekiti aliichukua mezani na kuitia mfukoni. Katibu aliomba apewe kwa ajili ya faili, kwa kuwa ilisomwa kikaoni. Mwenyekiti alisema si lazima. Katibu alinyoosha mkono na kuuacha hapo. Mwenyekiti alitoa barua, akaandika juu yake kwa kalamu "Isitumwe. Nilikosea," akaweka tarehe na kuikabidhi. Tarishi alipoambiwa hakuna barua alinung'unika kuhusu ngazi, akaondoka.

4/8.5 Daktari wa mafunzo aliomba atoke kidogo akapige simu. Aliruhusiwa. Kupitia ukuta alisikika akisema, "Mama, bado nipo. Bado nipo huku," na baadaye akizungumza na mtu mwenye umri mdogo kuhusu maharage.

KUMB. NA. 4/9: MENGINEYO
4/9.1 Fundi aliulizwa kuhusu kiti. Alisema kiko tayari isipokuwa miguu.

4/9.2 Daktari wa usingizi alisema kuna daftari lake la zamani, la miaka minne iliyopita, na kwamba amelipitia jana usiku. Alisema yule daktari wa kliniki ya ngozi alifanya operesheni kumi na nne hapa, zote kamera ikiwa kwenye utepe. Alisema hayo na kufunga daftari. Mwenyekiti alisema, "Nitamwita mwenyewe." Aliomba jambo hilo lisiandikwe. Katibu ameliandika, na anaandika pia kwamba aliombwa asiliandike, kwa sababu mambo yasiyoandikwa ndiyo yaliyotusimamisha juu ya utepe miaka kumi na minne.

KUMB. NA. 4/10: KUFUNGA KIKAO
Mwenyekiti alifunga kikao saa kumi na dakika arobaini. Hakwenda nyumbani. Alivaa viatu vya thieta, akaingia chumba cha upasuaji, akapiga magoti na kuubandua utepe kwa kucha. Ulikuwa umeshikana na sakafu, ukatoka vipande vipande. Mfagizi wa sasa alisimama mlangoni na ndoo yake na kusema kwamba siku zote alikuwa anapiga deki kuuzunguka, akidhani chini yake kuna waya.

NYONGEZA, KABLA YA KUSAINIWA
Alhamisi daktari wa mafunzo alitoa kifuko cha nyongo kwa dakika hamsini na sita. Mgonjwa aliamka vizuri na kuuliza kama wameshaanza. Jicho hakushika kamera siku hiyo. Aliishika mwenyekiti, ambaye hakuwa ameshika kamera ya mtu tangu alipokuwa mwanafunzi. Kabla ya kuanza alimuuliza daktari wa mafunzo, "Nikae wapi?" Alijibiwa, "Hapo hapo, katikati," na akakaa hapo hadi mwisho.

Ijumaa, wakati wa chakula cha mchana, daktari wa kliniki ya ngozi alikuja. Mwenyekiti alimweleza kila kitu akiwa amesimama, kuanzia utepe hadi sikio la Mwalimu, na akamwomba radhi mbele ya katibu. Daktari huyo alisikiliza hadi mwisho. Aliomba kuona boksi. Aliweka kamera katikati, akashika koleo, akahamisha maharage yote ishirini bila kuangusha hata moja. Hakuna aliyekumbuka kupima muda. Aliyatazama maharage ndani ya kikombe kwa kitambo, akayarudisha yote alikoyatoa, akaweka koleo chini taratibu, akasema ana wagonjwa saa nane, akarudi kliniki.

Mwenyekiti ameomba aya hiyo ya mwisho isiondolewe.

Imesainiwa:

.............................. Mwenyekiti

.............................. Katibu